Watoto na Ziwa: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Mhariri, tunaishi Dodoma na watoto wetu watatu hawajawahi kuona ziwa kubwa. Mwezi Juni tutakwenda Mwanza kwa ndugu. Tuwapeleke wapi?
Mama wa watatu, Area C

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na Kisiwa cha Saanane, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kwa sababu safari ya boti kutoka mjini ni ya dakika chache, na kisiwani watoto hutembea kwa miguu katikati ya mawe makubwa wakitazama pimbi, swala na ndege. Jiwe la Bismarck, mwamba maarufu uliomo ziwani, mtaliona mkiwa ufukweni. Halihitaji muda mrefu.

Siku nzima, kwa maoni yangu, itengeni kwa Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, Kisesa, ambako ngoma za watemi zimehifadhiwa katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi, na nyumba za jadi zinaonyesha jinsi mganga na mhunzi walivyofanya kazi. Juni ni mwezi mzuri, kwani baada ya sikukuu ya Ekaristi huchezwa Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya vyama viwili vya wachezaji wa Kisukuma, Wagika na Wagalu. Waulizeni wenyeji tarehe kamili mapema.

Nawasihi jambo moja: msiwaruhusu watoto kuoga wala kuchezea maji ya pwani ya ziwa, hata yakionekana safi, kwa kuwa konokono wa humo hueneza kichocho.