Mnaoanza masomo ya afya, hayo maneno magumu yakateni vipande

Wadogo zangu mliotoka Pangani, Muheza na kwengine mkaja kuanza chuo hapa Tanga mjini, kuna kitu mi nilichelewa sana kukijua, definisheni hazikaririwi kama shairi, neno unalikata vipande kama muhogo alafu kila kipande unakiuliza we maana yako nini.

Ukiona -aitisi mwishoni ujue kitu kimevimba: hepataitisi ini, gastraitisi tumbo, apendisaitisi kidole tumbo. Hiyo nyepesi.

Pa kuogopa ni haipo na haipa. Haipo ni chini ya kawaida, haipa ni juu. Nikiwa mwaka wa kwanza wodini niliandika haipa kwenye faili la mama mmoja ambaye sukari yake ilikuwa imeshuka, nesi wa zamu akaliona kosa kabla yule mama hajapewa dawa ya kushusha sukari, na mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio maana ni herufi moja tu ile na mtu angeweza kufa. Toka siku hiyo nimeishika hivi: haipoglaisemia, sukari HAIPO ya kutosha kwenye damu. Glai ni sukari, emia ni damu, basi, sijachanganya tena.

Somo la binadamu wa kale nalo watu wanalikimbia wakati majina yenyewe yametugusa sisi wa pwani. Zinjanthropus, lile fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, hiyo Zinj ndo jina Waarabu wa zamani waliloiita pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, na anthropus ni mtu. Sasa hivi anaitwa Paranthropus boisei, yashikeni majina yote mawili, na msiandike kwamba ni babu yetu, yule ni tawi la pembeni lililokatika. Homo habilis ni mtu stadi, kwa ajili ya zana za mawe. Homo erectus ni mtu aliyesimama wima ila hapa jina linapotosha, maana nyayo za Laetoli zina zaidi ya miaka milioni 3.6 na walioziacha, Australopithecus afarensis, walishatembea wima kitambo kabla yake. Na hiyo Austral ni kusini jamani, si kwamba walitoka Australia.

Chikungunya, ule ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu, hata msiikate, ni Kimakonde hicho, kujikunja, ukimwona mgonjwa anavyoinuka kitandani na maumivu ya viungo utaelewa kwa nini wakaiita hivyo.