Jibu: Mchoraji anayetaka kuhamia ufinyanzi

Dada, umeuliza kama mchoraji anaweza kuhamia ufinyanzi, na kwa nini rangi zako za akriliki zilipotelea tanurini. Anaweza kabisa. Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, alianza na usanifu wa michoro kabla ya kushika udongo Uingereza na Abuja, Nigeria. Hutaona glezi (tabaka la kioo linaloyeyukia juu ya chungu) kwenye vyungu vyake: hujenga kwa mkono, hupaka uji laini wa udongo, husugua mpaka king'ae, ndipo achome. Chungu kikipata hewa ya kutosha hutoka chekundu. Akikichoma tena ndani ya chombo kilichofungwa chenye vitu vya kuungua, huwa cheusi. Udongo ni ule ule, kilichobadilika ni hewa.

Akriliki ni plastiki, moto huila yote. Tumia oksidi, yaani unga wa madini: chuma kwa kahawia, shaba kwa kijani, kobalti kwa buluu. Kobalti ni kali mno, asilimia 1 ya glezi yatosha. Ukipendelea uji wa rangi, utengeneze kwa udongo ule ule wa chungu na upake kingali na unyevu. Kikishakauka, uji utasinyaa peke yake na kubanduka.

Julai hapa Nairobi usiharakishe kukausha. Gusisha chungu shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji. Shikilia tanuri chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa, maana mvuke ndio hupasua. Na kwa vyombo vya chakula, epuka glezi ya shaba: ndimu na siki huitoa shaba ikaingia kwenye chakula.