Jibu: Kwa nini sumaku inanasa mchanga mweusi na kutu inaiacha

Mkuu, umeuliza kwa nini mchanga mweusi unaobaki ufukweni Bagamoyo maji yakipwa unarukia sumaku ya spika, ilhali kutu uliyoikwangua kwenye nanga haishtuki, wakati vyote ni chuma na oksijeni.

Tofauti ni mpangilio. Chembe zinazoruka ni magnetaiti, Fe3O4. Humo atomi za chuma ni vijisumaku vilivyojipanga makundi mawili yanayoelekea pande kinyume. Kundi moja lina nguvu zaidi, kwa hiyo kuna salio, na salio hilo ndilo linalovutwa. Mfaransa Louis Néel alilieleza hili mwaka 1948, akaja kupata Nobel ya fizikia mwaka 1970. Kwenye kutu nyekundu makundi yanakaribia kulingana, yanafutana.

Sasa igeuze hiyo spika. Ile pete nyeusi nyuma ni feraiti: oksidi ya chuma (chuma kilichoungana na oksijeni) iliyochanganywa na metali za bariamu au strontiamu, ikachomwa kama chungu. Ndiyo maana hewa ya chumvi inakula fremu ya chuma, pete yenyewe wala haijali. Imeshakuwa oksidi, ioze nini tena?

Ila usidhani kila punje nyeusi ni magnetaiti. Zitakazogoma kunasa, nyingi huenda ni ilmenaiti, madini yenye metali ya titani, na kwa wachimbaji hiyo ndiyo mali. Ukijaribu tena, izungushie sumaku karatasi kwanza (mifuko ya plastiki si ilishapigwa marufuku!), la sivyo utakesha ukibandua punje.