Haciendo: wapi inakaa, wapi haikai

SWALI: Habari mwalimu. Mi naongoza watalii kwa boti hapa Jinja, pale Naili inapotoka Ziwa Victoria, na Wahispania wanakuja kwahiyo nimeanza kujisomea lugha yao kwa simu. Kinachonichanganya ni haciendo. Naona ¿qué haces? halafu naona ¿qué estás haciendo?, kwangu zote ni "unafanya nini". Nitumie ipi? Na nikitaka kusema kesho nawapeleka mtoni, inafaa? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yangu, swali zuri sana hili. Haciendo inatoka kwa hacer, kufanya. Vitenzi vya -ar vinachukua -ando (hablar, kuzungumza, hablando), vya -er na -ir vinachukua -iendo, basi. H haitamkwi, na mwisho ni o hata kama anayefanya ni mwanamke au ni watu wengi, maana ukiteleza ukasema hacienda umetaja shamba kubwa.

Sasa hapo kwa "unafanya nini", -na- yetu inabeba mawili, cha sasa hivi na cha kila siku. Estás haciendo ni cha sasa hivi tu, mtu yuko katikati ya jambo. Haces inaenda kote kote, ¿qué haces los domingos? ni Jumapili huwa unafanya nini, na hapo estás haciendo haiingii. Ya kesho pia haiingii, sema mañana los llevo al río, inatosha kabisa.

Wengi wetu Uganda tunakosea hapa kwa sababu tunapitia Kiingereza cha shule, ile -ing yao inawekwa kila mahali, mtu anaandika me gusta haciendo na después de haciendo. Achana nayo, pitia Kiswahili! Penye ku- yetu weka hacer: napenda kufanya, me gusta hacer, baada ya kufanya, después de hacer. Penye -ki- ya kitendo kinachoendelea weka haciendo: nilimwona akipiga picha, lo vi haciendo fotos. Ila -ki- ya sharti hapana, ukifanya hivi ni si haces esto.

Vichache vinabadilika shina, ir (kwenda) inakuwa yendo, decir (kusema) diciendo, dormir (kulala) durmiendo, hivyo unavishika tu vilivyo.

Na kuna moja nataka uishike leo leo maana kwa kazi yako utaulizwa kila safari, umeanza lini kazi hii. Wahispania wanatumia llevar: llevo tres años haciendo este trabajo, yaani nina miaka mitatu kwenye kazi hii na bado naifanya. Ukitaka kusema "naifanya" tu, lo estoy haciendo au estoy haciéndolo, zote sawa, ila ukiunganisha lo (ile -i- ya naifanya) kwa nyuma usisahau ile alama juu ya e.