Rivasi ya toyo ya cheni: tensha ya springi itakuponza

Mkuu, mwambie fundi aache kuchomelea kwanza. Umeuliza ununue boksi gani la rivasi (la gia ya kurudi nyuma) kwa toyo yako, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, taa ya nyuma iungwe vipi na kama injini ya CG 150 itamudu mzigo. Hayo yatasubiri. Kilichonishtua ni ule mstari wako wa mwisho: boksi linakaa kwenye fremu, ekseli iko juu ya springi, halafu kati yake inapita cheni yenye tensha ya springi, yaani kikaza cheni, upande wa chini.

Ndivyo nilivyofungiwa mimi. Ukienda mbele, sproketi (gurudumu la meno) ya boksi inavuta upande wa juu wa cheni. Upande wa chini unalegea, tensha inaubana, kila mtu anakusifia. Ukitia rivasi, mvuto unahamia chini. Cheni ya chini inanyooka, inaisukuma tensha, ulegevu wote unakwenda juu na meno yanaanza kurukwa. Toyo ikiwa tupu husikii kitu. Mimi nilikuwa narudi nyuma kwenye tope la soko la Mabibo na magunia ya viazi. Cheni ikachomoka, ikajikunja kati ya sproketi na ganda la boksi, aluminiamu ikapasuka, mafuta yote chini. Boksi, cheni, sproketi mbili na mzigo wa mtu, vyote juu yangu.

Na yule fundi? "Cheni ya kichina hiyo." Muuza boksi naye akasema nimezidisha mzigo. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia cheni inavutwa upande gani! Watu wanakula hela ya mtu anayelisha familia kwa toyo hiyo hiyo, na bado wanamfungia mwingine vile vile. Inaniuma.

Cheni inayozunguka pande zote mbili haiwekewi tensha ya springi. Boksi na ekseli vikae kwenye fremu ndogo moja, vyote vipande juu na kushuka pamoja, umbali wake usibadilike hata ukiingia shimoni. Kukaza cheni, toboa matundu marefu ya bolti usogeze boksi. Tensha weka kwenye cheni ya kwanza, ile inayotoka kwenye injini kuja kwenye boksi, maana hiyo inavuta upande mmoja hata ukiwa rivasi. Ukipata uwezo wa propela (shafti ya kuzungusha ekseli) yenye krosi, yaani viungo vya kujipinda, na dif, yaani gia za katikati ya ekseli, achana na cheni kabisa.

Kama huniamini, pakia mzigo, zima injini, ingiza gia ya kwanza, watu wasukume toyo kwenda mbele huku wewe unaangalia cheni kutoka pembeni. Ile ya chini itakaza, tensha itasukumwa, ya juu italegea. Ndicho kinachotokea ukirudi nyuma kwa nguvu ya injini. Mpeleke fundi wako aone kwa macho yake.

Boksi lina mafuta yake, si ya injini; mimi natia oili ya gia namba 90. Na usiguse ile leva ya rivasi kabla magurudumu hayajasimama kabisa.