Samadi Iingie Tuta Lipi, na Lini

Kwa misimu minne ya mwanzo nilitia samadi kwenye kila tuta, kila msimu, kwa kipimo kilekile, nikiamini kwamba udongo hauna siku ya kushiba. Kabichi zilinenepa na kunipa kiburi. Karoti, kwa upande wake, zilitoka zimegawanyika miguu miwili mitatu, vitunguu vikawa na shingo nene zilizokataa kukauka na kuanza kuoza ghalani, na nyanya zikajaa majani mazito yaliyoficha matunda machache. Nilipopima udongo, nilikuta fosforasi imezidi kiwango kinachohitajika, ilhali naitrojeni ilikuwa ya wastani tu.

Sababu yake si ngumu kuielewa ukishaelezwa. Ukilinganisha fosforasi na naitrojeni zilizomo ndani ya samadi, fosforasi ni nyingi kuliko uwiano ambao mboga huzitumia. Isitoshe, naitrojeni ina njia nyingi za kutoroka, kwani hupotea hewani kama amonia na huzama na maji ya mvua hadi mahali ambapo mizizi haifiki, lakini fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo na kubaki palepale. Kwa hiyo mkulima anayepiga hesabu ya samadi kwa kutazama naitrojeni peke yake, na kurudia hesabu hiyo kila msimu, anarundika fosforasi bila kujua.

Siku hizi shamba langu lina sehemu nne, na samadi huingia katika sehemu moja tu kwa msimu, ile inayongojea kabichi na ndugu zake, ambao ni walaji wakubwa. Nyanya na pilipili zinazofuata hapo hupata mboji kidogo kwenye shimo la mche. Karoti na vitunguu vinakuja nafasi ya tatu na havipewi chochote, navyo vinastawi kuliko vilivyowahi kustawi nilipokuwa navibembeleza. Maharage na njegere hufunga mzunguko, kisha kabichi hurudi. Mpangilio huu pia hutenganisha mimea ya ukoo mmoja, jambo linalopunguza magonjwa ya udongoni, ingawa nisingependa mtu aamini kwamba miaka minne inatosha kwa kila ugonjwa, kwa sababu vimelea vinavyovimbisha mizizi ya kabichi huweza kuishi ardhini kwa miaka mingi zaidi ya hapo.

Wengi huniuliza kama sehemu zisizotiwa samadi hazitachoka. Jibu langu ni kwamba samadi haimalizi kazi yake katika msimu mmoja. Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, nchini Uingereza, kuna kipande cha shamba la shayiri kilichotiwa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka kuanzia 1852 hadi 1871, kisha kikaachwa bila kuongezewa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, udongo wake bado ulikuwa na mboji nyingi kuliko ule wa jirani ambao haukuwahi kupata samadi. Sisemi kwamba mavuno yatabaki juu kwa karne nzima, bali nasema kwamba zao la pili na la tatu huwa bado linakula chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya la kwanza.

Kuhusu mikunde, nadhani inasifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba bakteria walioko katika vinundu vya mizizi huchukua naitrojeni ya hewani, ila sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huhamia kwenye mbegu, na mtu anayevuna maharage makavu, akang'oa shina pamoja na mizizi na kulipeleka kwa mifugo, hakuacha kitu cha maana shambani. Mimi hukata shina usawa wa ardhi, nikaiacha mizizi ioze, na majani nayatandaza papo hapo.

Ubora wa samadi yenyewe ndio ulionigharimu zaidi. Mwaka mmoja nilipokea shehena ya samadi iliyochanganyika na maranda mengi, nikaifukia kabla haijaiva, na baada ya wiki chache miche ya kabichi ikawa ya njano kana kwamba haijawahi kuona mbolea. Maranda yana kaboni nyingi mno, na vijidudu vinavyoyaozesha hulazimika kunyonya naitrojeni ya udongo, hivyo vikaiwahi kabla ya mizizi. Sasa huchanganya maranda au mabua na kinyesi kibichi na majani mabichi ili kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, na rundo hulipindua mara kwa mara na kuhakikisha linafikia joto la nyuzi 55 za selsiasi kwa siku kadhaa, kiasi cha kuua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Samadi ya kuku naiheshimu kwa tahadhari: naitrojeni yake hutoka haraka kuliko ya ng'ombe, na ukiikaribisha kwenye shina ikiwa mbichi itauunguza mche. Aina yoyote ile, ifukiwe siku hiyohiyo inapomwagwa, kwa maana amonia haisubiri kesho.

Samadi mbichi ina hatari nyingine kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuifukia na kuvuna, ikiwa sehemu inayoliwa hugusana na udongo, na siku 90 ikiwa haigusani. Mimi nazifuata siku hizo hata pale ambapo hakuna anayenikagua.

Jambo la mwisho ni mabaki ya dawa za kuua magugu ya majani mapana. Baadhi yake hunyunyizwa malishoni, hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika na kubaki na nguvu ndani ya samadi, na zikifika kwenye nyanya au maharage, machipukizi hujikunja na kusokotana. Kabla ya kuitumia shehena ngeni, huchukua vikopo vitatu vyenye mchanganyiko wa samadi hiyo na udongo, na vitatu vya udongo mtupu, nikapanda maharage kote na kuyaangalia kwa wiki tatu. Mara moja tu majani yamewahi kujikunja, na shehena ile niliirudisha nzima.