Mchoro wa kushonea mfarishi: tafuta mstari, usitafute picha

Wanaoanza kushona mifarishi (matandiko ya kitambaa cha juu, pamba katikati na kitambaa cha chini) kwa mkono huru juu ya cherehani wakikwama, mara nyingi cherehani haina kosa. Meno yanayosukuma kitambaa wameshayashusha, mguu wa kutarizi wameshaufunga, kitambaa kinateleza chini ya sindano kokote wanakotaka. Wanachoniuliza ni kimoja: sasa nichore nini?

Nawaambia watafute mstari. Katika ushonaji huu sindano ni kalamu iliyosimama na kitambaa ndicho kinachotembea. Kila ukikata uzi unabaki na ncha za kufunga na kuficha, kwa hiyo ua zuri lisilo na njia ya kuingilia na kutokea litakutesa. Jani la kawaida lenye kikonyo kinachokupeleka kwenye jani jingine ni mali.

Anza na kanga zako. Tazama korosho, lile umbo la tone lenye ncha iliyopinda. Unaingia kwenye ncha, unazunguka tumbo, unatokea palepale ulipoingilia, kisha unaendelea na safari. Ndani yake unaweza kurudia korosho nyingine ndogo bila kunyanyua chochote. Na kuna njia ambayo kwa anayeanza sijaona inayoishinda: ifanye kanga iwe kitambaa cha chini cha mfarishi. Ukishashikiza matabaka yote matatu, pindua kazi, kanga iwe juu, ushone ukifuata mistari iliyochapwa kiwandani. Upande wa pili, ulio mtupu, mchoro utatokea wenyewe. Kumbuka tu kwamba hapo uzi wa bobini ndio utakaoonekana usoni, kwa hiyo uchague rangi yake kwa makini na ujaribu mkazo kwanza kwenye kipande cha pembeni chenye pamba ileile.

Hata jina la kanga linashoneka. Liandike kwa mwandiko wa kuunganisha, na mstari wa kutoka neno hadi neno ufanye uwe kikonyo.

Milango ya Mji Mkongwe na ya Lamu hutajwa upesi kila tukizungumzia michoro, na ni kweli ina utajiri: minyororo, mawaridi, matawi yanayopanda kandokando ya fremu. Lakini ilichongwa kwa patasi, na patasi hunyanyuka. Mengi ya maua yale yamesimama peke yake, hayana pa kuunganika. Chukua mnyororo na matawi, na waridi ukilipenda litilie kikonyo chako mwenyewe. Maandishi ya Qur'ani yaliyochongwa juu ya baadhi ya milango yaache hukohuko, maana mfarishi hulaliwa, hukaliwa na kufuliwa.

Mwalimu ninayemwamini zaidi ni mchora hina. Mkae karibu siku ya harusi umtazame mkono, usitazame ua likishakwisha. Anaanzia wapi? Anapojaza petali anarudije kwenye shina? Akibakiwa na pengo, anatia kimzingo kidogo au jani moja, halafu anasonga mbele. Ujuzi huo wa kujaza nafasi ndio hasa mfarishi unaouhitaji, kwa sababu ukibana mishono sehemu moja na kuiachia sehemu nyingine, kitambaa kitavimba na kujikunja.

Mikeka ya ukili ni mizuri, ila mistari yake imenyooka, na mstari ulionyooka ndio mgumu kuliko yote kwa mkono huru. Huo rudisha meno juu, ushone kawaida.

Ukishapata mchoro, usikimbilie kitambaa. Uchore kwenye daftari bila kunyanyua kalamu, tena na tena, mpaka mkono uujue bila kufikiri. Ukijifungia kwenye kona, tafuta pa kutokea ukiwa bado kwenye karatasi. Kisha tandaza plastiki angavu, ile ya kufunikia meza, juu ya mfarishi na uchore juu yake uone ukubwa unaofaa. Bandika utepe wa rangi kwenye kingo zote za plastiki ili kalamu isivuke ikachafua kazi.

Na kabla ya yote hayo, angalia kitambaa cha juu. Kitenge chenye maua mengi humeza mshono wowote, kwa hiyo hapo mizingo ya kawaida inatosha. Mchoro uliouhangaikia uweke kwenye rangi moja, kwa uzi uliokoza au kufifia kidogo tu kuliko kitambaa.